Tiba ya baridi ya mwili mzima: maswali ya wanamichezo wa Dar es Salaam

Tiba hii hufanywaje?

Mtu huingia katika chumba chenye hewa ya nyuzi joto kati ya 110 na 140 chini ya sifuri, akakaa humo dakika mbili au tatu. Daktari Toshima Yamauchi wa Japani aliianzisha mwaka 1978 kwa ajili ya wagonjwa wa baridi yabisi. Ngozi na nguo lazima ziwe kavu, kwa kuwa jasho huganda na kuiunguza ngozi. Anayetoka kwenye joto la Februari na fulana iliyolowa ajifute na kubadili nguo kwanza.

Je, misuli hupona haraka zaidi?

Baridi hubana mishipa ya damu iliyo chini ya ngozi na kupunguza kasi ya neva zinazopeleka maumivu, hivyo nafuu anayoisikia mtu ni ya kweli, lakini ni ya muda. Mapitio ya mwaka 2015 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, hayakupata ushahidi wa kutosha kwamba vyumba hivi huondoa maumivu ya misuli baada ya mazoezi.

Na pipa la maji ya barafu?

Kwa maumivu ya misuli, lina ushahidi mzuri zaidi, tena ni rahisi: maji ya nyuzi 10 hadi 15, kwa dakika 10 hivi. Maji ya bomba ya Dar es Salaam ni ya uvuguvugu na barafu huyeyuka upesi, kwa hiyo pima kwa kipimajoto, wala usiingie ukiwa peke yako. Wanaonyanyua vyuma ili kujenga misuli wasilitumie kila baada ya mazoezi, kwani hupunguza ukuaji wa misuli.

Nani asijaribu kabisa?

Wajawazito, wenye ugonjwa wa moyo, wenye presha isiyodhibitiwa, na hasa wagonjwa wa siko seli. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo watoto wengi huzaliwa na ugonjwa huu, na baridi, kwa kubana mishipa, hufanya seli zenye umbo la mundu zikwame na kuleta maumivu makali yanayoweza kumlaza mtu hospitali. Ninawasihi makocha: kabla ya kumwambia kijana yeyote aingie kwenye pipa, mwulizeni faraghani, yeye na mzazi wake, kuhusu siko seli.

Kuna hatari nyingine?

Baadhi ya mashine hutumia mvuke wa naitrojeni, ambao huchukua nafasi ya oksijeni. Mwaka 2015 mfanyakazi mmoja huko Nevada, Marekani, alifariki baada ya kuingia peke yake. Kichwa kibaki juu ya mvuke, na msimamizi asiondoke mlangoni.