Kisima, choo na mto: maswali na majibu kuhusu nitrati katika maji ya Lubumbashi

Katuba, Ruashi, Kenya na komini nyingine za Lubumbashi, bomba la maji halifiki katika kila parseli. Familia nyingi huchota maji katika kisima kilichochimbwa kwa mkono, na mara nyingi choo cha shimo kiko hatua chache tu kutoka hapo. Maswali yafuatayo huulizwa sana, hasa na akina mama wenye watoto wachanga.

Maji yetu ni meupe na hayanuki. Yanaweza kuwa na ubaya gani?

Nitrati, kemikali ya nitrojeni na oksijeni inayoyeyuka majini, haina rangi, harufu wala ladha, kwa hiyo jicho na ulimi havitakusaidia. Hapa mjini tumezoea kuogopa mto unapobadilika rangi, kwa sababu ya migodi ya shaba na kobalti. Tuna sababu ya kuogopa, ila mazoea hayo yametufanya tuyaamini mno maji yanayong'aa.

Chanzo cha nitrati ni nitrojeni. Mtu mzima hutoa takriban kilo 3 hadi 5 za nitrojeni kwa mwaka, sehemu kubwa ikiwa katika mkojo. Hesabu watu wote wanaotumia shimo moja, kisha ongeza samadi ya kuku na urea wanayotia wakulima wa mboga kando ya mito. Bakteria wa udongoni huigeuza nitrojeni hiyo kuwa nitrati.

Si udongo unachuja?

Unachuja mengi, hata vijidudu vingi. Nitrati haushiki. Chembe za udongo zina chaji hasi na nitrati nayo ina chaji hasi, kwa hiyo hazishikani. Mvua zinapoanza, Novemba, maji yanayozama huibeba mpaka kwenye maji ya chini ya ardhi.

Na mtoni inafikaje?

Nenda ukautazame mto Lubumbashi au Kafubu mwezi wa Agosti. Mvua imekatika miezi mingi, lakini mto bado unatiririka. Maji hayo yanatoka ardhini, yakipenya polepole kwenye kingo na chini ya mto. Maana yake, wakati wa kiangazi mto unalishwa na maji yaleyale ya chini tunayochota visimani, pamoja na chochote kilichomo. Huko mtoni nitrati hulisha mwani. Mwani ukizidi kisha ukaoza, oksijeni hupungua na samaki hufa.

Safari hiyo ya chini kwa chini inaweza kuchukua miaka, pengine makumi ya miaka. Ukifunga choo leo, usitazamie kisima kiwe safi wiki ijayo.

Kuna mahali ambapo nitrati hupungua yenyewe: katika dembo, yale mabonde yenye majimaji. Udongo wake umelowa hauna oksijeni, na bakteria wanaoishi humo huigeuza nitrati kuwa gesi ya nitrojeni ikapaa hewani. Inauma kuona dembo zikijazwa kifusi ili zigawanywe viwanja.

Nikiyachemsha, si yatakuwa salama?

Mama, hili lishike vizuri. Kuchemsha kunaua vijidudu vya kipindupindu na vya homa ya matumbo, kwa hiyo usiache. Lakini nitrati haifi kwa moto. Maji yakichemka muda mrefu, mvuke hutoka, nitrati hubaki sufuriani, na kila kikombe kinakuwa nayo nyingi kuliko mwanzo. Klorini haiiondoi, wala chujio la mchanga au la chungu. Kuna mitambo ya kuiondoa, lakini ni ya gharama. Kwa mtoto mchanga, dawa ni kutafuta maji mengine.

Kwa nini mtoto mchanga hasa?

Nitrati ikiingia mwilini, bakteria huigeuza sehemu yake kuwa nitriti. Nitriti huiharibu hemoglobini, ile inayobeba oksijeni katika damu. Mtu mzima ana kimeng'enya cha kuirekebisha haraka. Mtoto wa chini ya miezi 6 anacho kidogo, na tumbo lake lina asidi kidogo, hali inayowapa bakteria nafasi. Akiwa anaharisha, hatari inaongezeka. Daktari Hunter Comly wa Iowa, Marekani, alieleza mwaka 1945 habari za watoto waliougua hivyo kwa maziwa yaliyokorogwa na maji ya kisima.

Tazama midomo, ulimi, fizi, kucha na viganja. Vikiwa vya bluu au kijivu, na mtoto amelegea au anahema kwa shida, mkimbize hospitali, na useme wazi kwamba amekunywa maji ya kisima. Damu yake inaweza kuonekana kahawia. Dawa ipo, methilini bluu, lakini ni ya daktari, kwa sababu inaweza kumdhuru mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu.

Ninyonyeshe ikiwa mimi mwenyewe ninakunywa maji hayo?

Nyonyesha. Nitrati hupita kidogo sana kwenye maziwa ya mama. Maziwa ya mama peke yake mpaka miezi 6, bila maji na bila uji, ndiyo kinga bora.

Kiwango gani kinakubalika?

Shirika la Afya Duniani limeweka miligramu 50 za nitrati kwa lita. Ukipeleka maji maabara, soma karatasi kwa makini: wengine huandika nitrojeni iliyo ndani ya nitrati, na hapo mpaka ni kama miligramu 11. Ukizidisha namba hiyo kwa 4.4 unapata nitrati. Kuna pia vikaratasi vya kuchovya vinavyobadilika rangi. Vinatosha kukuonyesha kisima kinachohitaji kupimwa vizuri.

Choo kiwe mbali kiasi gani?

Mita 30 kutoka kisimani ndilo pendekezo la kawaida, na chini ya shimo kusifikie maji. Umbali huo unasaidia zaidi dhidi ya vijidudu. Nitrati inaweza kwenda mbali zaidi. Katika parseli ndogo mita 30 hazipatikani, hasa ukihesabu choo cha jirani. Hapo ni afadhali majirani wakae pamoja, wachague kisima kimoja kilicho juu ya mteremko, mbali na vyoo, wakipime, na maji ya watoto yachotwe hapo.

Lenga-lenga za kando ya mto, tuache kula?

Hapana. Mboga za majani zina nitrati kwa asili, na kwa mtu mzima faida yake ni kubwa. Ila maji yaliyochemshia mboga usimkorogee mtoto uji, na mboga zilizopikwa zisilale nje usiku kucha kisha apewe mtoto asubuhi: bakteria huwa wameshaigeuza nitrati kuwa nitriti.