Picha ya kupangia mionzi si ile ya kutafutia saratani

Mzee anayetoka Arua au Mbarara kuja hospitali ya Mulago, Kampala, kutibiwa saratani ya tezi dume kwa mionzi mara nyingi hubeba bahasha ya filamu za MRI, yaani picha zinazopigwa kwa sumaku. Zilimfaa daktari aliyetafuta ugonjwa, ila mimi ninayechora mipaka ya mionzi siwezi kuzitumia. Nahitaji data yenyewe, kwenye CD au flashi, katika umbizo la DICOM, ambalo kompyuta za hospitali husoma. Ndugu wanaomsindikiza waidai siku ileile ya kipimo.

Mpango wa mionzi hujengwa juu ya CT, picha ya eksirei ya tabaka kwa tabaka, kwa sababu kompyuta hukokotoa dozi kutokana na msongamano wa tishu, na CT ndiyo inayoupima. Shida ni kwamba kwenye CT tezi na misuli inayoizunguka hufanana rangi. Anayechora kwa CT pekee huikuza tezi kwa karibu theluthi moja, hasa kwenye ncha ya chini, na ziada hiyo huangukia puru (sehemu ya mwisho ya utumbo) na kibofu. MRI ya T2, aina mojawapo ya picha za MRI, huonyesha ganda la tezi waziwazi. Kwa hiyo tunalandanisha picha hizo mbili, yaani tunaziweka moja juu ya nyingine zilingane: tunachora kwa kufuata MRI, tunakokotoa kwa CT.

Makosa mengi huzaliwa hapo kwenye kulandanisha. Programu ikiachwa yenyewe hufuata mifupa. Lakini tezi haikupigiliwa kwenye mifupa. Gesi ikijaa kwenye puru, tezi husukumwa mbele milimita kadhaa. Nyonga zitalingana vizuri kabisa kwenye skrini, na mchoro wa tezi utakaa mahali ambapo tezi haipo. Ndiyo maana napenda punje 3 za dhahabu zichomekwe ndani ya tezi, kisha tusubiri kama wiki moja uvimbe upungue ndipo tupige picha. Kwenye T2 punje huonekana kwa shida, basi mpiga picha aombwe kuongeza mfuatano wa gradienti eko, aina nyingine ya picha ya MRI, ambamo hutokea kama vidoa vyeusi.

CT na MRI zipigwe siku moja, mgonjwa akiwa katika hali moja. Apate haja kubwa asubuhi, akojoe, anywe maji nusu lita, asubiri dakika 30 hadi 45. Aliyesafiri usiku kucha kwa basi bila kunywa kitu amekauka. Maji yale yatachelewa kufika kibofuni, kwa hiyo aanze kunywa tangu jana yake, na maharagwe ya jioni ayaache. Wapo wanaofika na mpira wa mkojo: ubanwe kwa muda uleule kila mara. Kibofu kisijazwe mpaka mtu ateseke, maana kiwango hicho hatakimudu kwa wiki zote za tiba. Kitanda cha MRI mara nyingi kina bonde, kiwekewe ubao bapa na mto wa magoti uleule wa CT. Tabaka ziwe za milimita 2 hadi 3, zisizoachana nafasi.

Kuna jambo la tarehe pia. Baada ya biopsi, yaani kuchukua kipande cha tezi kwa uchunguzi, damu iliyovuja huchafua MRI, hivyo ni vyema kusubiri wiki 6 hadi 8. Dawa za homoni nazo hupunguza tezi na kufifisha uvimbe wenyewe wa saratani. Ukitaka kuuongezea uvimbe dozi, kama utafiti wa FLAME wa 2021 uliotoa grei (kipimo cha dozi ya mionzi) 77 kwa tezi nzima na hadi 95 kwa uvimbe, piga MRI moja kabla ya homoni, na nyingine siku ya CT kwa ajili ya mipaka.

PET ya PSMA, picha inayotumia dawa yenye mionzi inayonata kwenye seli za saratani ya tezi dume, hujibu swali jingine: je, ugonjwa umefika kwenye matezi ya limfu au mifupa? Katika utafiti wa proPSMA wa 2020 ilikuwa sahihi kwa asilimia 92, dhidi ya 65 za CT na skani ya mifupa. Hata hivyo sichori ukingo wa tezi kwa PET. Ukigeuza kidogo tu kiwango cha mwangaza kwenye skrini, doa lilelile hupanuka au husinyaa.