Unyenyekevu wa Mkristo: maana yake na namna ya kupambana na kiburi

Neno kiburi asili yake ni Kiarabu, penye maana ya ukubwa, na ugonjwa wenyewe ndio huo: mtu kujipa ukubwa asiopewa. Unyenyekevu basi ni kujiona kwa kipimo cha kweli mbele za Mungu. Warumi 12:3 inataka hivyo: usijiwazie makuu kupita inavyokupasa, uwe na nia ya kiasi. Aliyejaliwa sauti nzuri akisema "mimi sijui kuimba" hajanyenyekea. Amesema uongo, na mara nyingi anangoja kubembelezwa.

Tazama Yohana 13. Mstari wa 3 unasema Yesu alijua kwamba Baba amempa vyote mikononi mwake. Akijua hivyo, aliweka kando mavazi, akajifunga kitambaa kiunoni, akawatawadha wanafunzi miguu, hata Yuda aliyemsaliti akiwemo. Ukuu wake aliujua vizuri, na bado aliinama.

Kiburi hufichuka mtu anapoonywa. Mfalme Uzia (2 Mambo ya Nyakati 26) alipopata nguvu moyo ulimpanda, akaingia hekaluni kufukiza uvumba, kazi ya makuhani. Kuhani Azaria na wenzake 80 wakamzuia. Hapo angeweza kuweka chini chetezo, chombo cha kufukizia uvumba, akatoka. Akaghadhibika, chetezo kikiwa mkononi, na katika ghadhabu hiyo ukoma ukamtokea kwenye paji la uso.

Kwa hiyo mazoezi yaanzie hapo. Ukionywa, usijitetee kwanza. Rudia kwa maneno yako ulichoambiwa, ili mwenzako ajue umesikia. Hata kama kweli ni robo tu ya maneno yake, ikiri robo hiyo. Kosa litaje kwa jina: "Nilikusingizia mbele ya wenzetu, nisamehe." Kisha warudie wale waliokusikia uwaambie ulisema uongo, hapa ndipo wengi wetu hukwama, maana ndipo heshima inapouma. Ile "kama nimekukosea, samahani" humwachia aliyeumizwa kazi ya kuthibitisha kosa. Halafu fanya mema pasipo kuonekana. Mathayo 6 inataja sadaka, sala na kufunga.

Mazoezi haya nayo huharibika. Farisayo wa mfano wa Luka 18, mtu wa dini aliyeshika sheria sana, alifunga mara mbili kwa juma na kutoa zaka ya mapato yake yote. Kilichomharibia ni jicho lake, lililomtoka Mungu likaenda kwa mtoza ushuru aliyesimama mbali. Ukianza kuhesabu umenyenyekea kuliko nani, umeshakaa kiti chake.

Tena unyenyekevu usigeuzwe kuwa kamba ya kumfunga mdomo anayeonewa. Kule Filipi Paulo alipigwa hadharani na kutiwa gerezani bila kuhukumiwa, naye ni raia wa Rumi. Mahakimu walipoagiza afunguliwe, alikataa kutolewa kwa siri, akataka waje wenyewe (Matendo 16:37). Wakaja, wakamsihi, wakamtoa nje.