Sifa Isiyokaa Ndani ya Atomu Moja: Dhana Potofu Kuhusu Fizikia ya Maada

Fizikia ya maada iliyosongamana huchunguza yabisi na vimiminika, yaani vitu ambavyo atomu zake zimekaribiana kiasi cha kuathiriana muda wote. Wengi wanaoanza kuisoma huja na imani ambayo hakuna aliyewatamkia waziwazi: kwamba ukiijua atomu, umekijua kitu chenyewe. Dhana karibu zote zinazofuata zimeota kwenye mzizi huo, na kwa msomaji wa Lindi au Mtwara ushahidi wa kuzikanusha hauko mbali.

Dhana: Sifa za kitu zimo ndani ya atomu zake.

Kinywe (grafaiti) cha Ruangwa, mkoani Lindi, ni kaboni, na almasi ya Mwadui, Shinyanga, nayo ni kaboni. Hata hivyo, ukisugua kipande cha kinywe kwa kidole gumba, kinateleza na kuacha weusi unaong'aa ndani ya mistari ya ngozi, ilhali almasi hukwaruza kioo. Tofauti hiyo yote imo katika mpangilio. Katika kinywe, atomu zimekaa kwa matabaka: ndani ya tabaka kila atomu imeungana kwa nguvu na jirani 3, lakini tabaka na tabaka hushikana kwa unyonge, hata kidole kinatosha kuyatenganisha. Katika almasi kila atomu imefungwa na jirani 4 kutoka pande zote, kwa hiyo hakuna upande ulio dhaifu kiasi hicho. Tena kinywe hupitisha umeme, na almasi huuzuia. Ulaini, ugumu, weusi na upitishaji wa umeme si mali ya kaboni; ni sifa zinazoibuka atomu nyingi zinapokutana kwa utaratibu fulani, na kuuliza kama atomu moja ya kaboni ni laini au ngumu ni kuuliza swali lisilo na jibu.

Mwaka 2004, Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Manchester, Uingereza, walibandua matabaka ya kinywe kwa utepe wa kunata hadi wakapata tabaka lenye unene wa atomu moja, linaloitwa grafini, na mwaka 2010 wakatunukiwa Tuzo ya Nobel. Ndani ya tabaka hilo elektroni huenenda kana kwamba hazina tungamo. Hakuna elektroni iliyo peke yake inayoweza kufanya hivyo, nami sijui mfano ulio bora zaidi ya huu wa kumwonyesha anayeanza kwamba wingi huzaa tabia mpya.

Dhana: Punje ya chumvi ni lundo la molekuli za chumvi.

Katika mashamba ya chumvi ya pwani yetu, maji ya bahari yanapokauka polepole huacha fuwele, yaani vipande ambavyo chembe zake zimejipanga kwa utaratibu unaojirudia, zenye pembe mraba, na ukiishika moja karibu na jicho mara nyingi utaona ngazi ndogondogo zinazoshuka kuelekea katikati ya uso wake. Ndani ya fuwele hiyo hakuna jozi ya sodiamu na klorini iliyojitenga na kustahili kuitwa molekuli. Kila ayoni (atomu yenye chaji ya umeme) ya sodiamu imezungukwa na ayoni 6 za klorini, na kila ya klorini na 6 za sodiamu, hadi mwisho wa punje. Ndiyo maana ukisukuma upande mmoja wa fuwele, upande wa pili nao husogea papo hapo kwa macho yetu. Uthabiti huo ni wa fuwele nzima.

Dhana: Kinachoibuka ni muujiza unaovunja kanuni za msingi.

Hakuna kanuni inayovunjwa. Mfua vyuma anajua kwamba chuma kilichopashwa moto hadi kikawa chekundu sana hakishikwi na sumaku, na kikipoa hushikwa tena. Kila atomu ya chuma ina usumaku wake mdogo wakati wote. Chini ya nyuzi 770 hivi za Selsiasi, athari za jirani kwa jirani huzielekeza atomu nyingi upande mmoja, na juu ya hapo mtikisiko wa joto huuvuruga mwelekeo huo. Atomu ni zile zile, na kanuni ni zile zile.

Lakini kukubali kanuni si sawa na kuweza kutabiri. Philip Anderson, Mmarekani aliyepata Nobel mwaka 1977, alieleza katika makala yake ya mwaka 1972 kwenye jarida la Science kwamba uwezo wa kupunguza kila kitu hadi kanuni sahili hauleti uwezo wa kuanzia kwenye kanuni hizo na kuujenga ulimwengu upya. Kila ngazi ya wingi hudai dhana zake yenyewe, na utafiti wa kuzipata ni wa msingi kama utafiti wa chembe ndogo kabisa.

Dhana: Supakondakta ni kipitishi kizuri kuliko shaba, basi.

Supakondakta ni kitu kinachopitisha umeme bila ukinzani, yaani bila kuuzuia hata kidogo. Mwaka 1911, huko Leiden, Uholanzi, mwanafizikia Heike Kamerlingh Onnes aliona ukinzani wa zebaki ukitoweka ghafla karibu na kelvini 4.2, yaani takriban nyuzi 269 za Selsiasi chini ya sifuri. Haukupungua tu, ulitoweka. Mwaka 1933 wanafizikia Meissner na Ochsenfeld wakagundua kwamba metali iliyo katika hali hiyo huusukuma nje uga wa sumaku, jambo ambalo upitishaji mzuri peke yake hauwezi kulieleza. Maelezo yalipatikana mwaka 1957, pale wanafizikia Bardeen, Cooper na Schrieffer walipoonyesha kwamba elektroni, ambazo kwa kawaida husukumana, huungana kwa jozi kupitia mitetemo ya fuwele na kuenenda zote kwa pamoja.

Dhana: Yote yameshajulikana.

Mwaka 1986 wanafizikia Bednorz na Müller walipata upitishaji usio na ukinzani katika oksaidi ya shaba yenye lanthanamu na bariamu, na mwaka uliofuata ikapatikana oksaidi nyingine inayofanya hivyo juu ya kelvini 90, halijoto inayofikiwa kwa naitrojeni ya kimiminika. Elektroni zake nazo huungana kwa jozi, lakini nini hasa kinachoziunganisha, wanafizikia hawajakubaliana hadi leo.