Msaidizi wa daktari wa meno katika tiba ya mzizi: naanza kumfundisha dawa, vifaa baadaye

Msaidizi anayejifunza tiba ya mzizi wa jino kwa kawaida huanzishwa kwa kukariri majina ya vifaa na kumpa daktari kimoja baada ya kingine. Mimi naanzia kwenye dawa za kusafishia mifereji, yaani njia nyembamba zilizo ndani ya mizizi ya jino. Kifaa kisicho sahihi daktari atakirudisha, lakini siringi isiyo sahihi inaweza kumdhuru mgonjwa kabla mtu hajang'amua.

Hipokloraiti ya sodiamu huyeyusha mabaki ya kiini cha jino na kuua bakteria. Hutumika kwa nguvu ya asilimia 0.5 hadi 5.25. Kama kliniki yenu inatumia asilimia 2.5 na chupa ni ya asilimia 5, changanya nusu kwa nusu na maji yaliyokenekwa. Kama chupa ni ya asilimia 3.5, pima sehemu 5 za dawa kwa sehemu 2 za maji. Soma lebo kila unapofungua chupa mpya, usikisie. Changanya ya siku hiyo tu na uihifadhi kwenye chupa isiyopitisha mwanga, kwa kuwa mwanga na joto huipunguza nguvu. Hipokloraiti ya kufulia yenye manukato isikaribie mezani.

Hipokloraiti, selaini (maji ya chumvi) na maji ya ganzi vyote ni vimiminika visivyo na rangi ya kutosha kuvitofautisha kwa macho. Ndiyo maana siringi huwekwa lebo kabla ya kujazwa, siyo baadaye. Utepe mwekundu kwa hipokloraiti, wa buluu kwa selaini, wa njano kwa EDTA, dawa ya kusafishia mwishoni: rangi mtachagua wenyewe, ila zisibadilike kati ya chumba na chumba. Siringi iliyokutwa bila lebo humwagwa, hata kama aliyeijaza anaapa anakumbuka.

Siringi iwe ya kufunga sindano kwa kuzungusha, ili sindano isichomoke na dawa kuruka machoni. Sindano iwe ya geji 27 au 30, yenye tundu ubavuni badala ya nchani. Mfereji ukiwa na urefu wa milimita 20, weka pete ya mpira kwenye milimita 18. Sindano ikibana ndani ya mfereji na daktari akaendelea kusukuma, dawa haina pa kurudi, itapenya kwenye ncha ya mzizi hadi kwenye tishu. Dalili zake ni maumivu makali ya ghafla, hata kama ganzi imeshika, uvimbe unaokua ndani ya dakika chache, na damu kutoka mferejini. Hapo msaidizi asisubiri kuagizwa: aondoe hipokloraiti mezani, alete selaini na barafu, aandike saa. Naifanyisha hatua hii mara nyingi kwa maji matupu, maana akili huganda pale mgonjwa anapopiga kelele.

EDTA ya asilimia 17 hutumika mwishoni, kwa takriban dakika moja kwa kila mfereji, kuondoa tabaka la unga linaloachwa ukutani na faili, kifaa chembamba cha kukwangulia mfereji. Klorheksidini, dawa nyingine ya kuua bakteria, isikutane kamwe na hipokloraiti: hutoa mashapo ya kahawia yanayoziba mifereji na kulitia jino rangi. Kati ya dawa hizo mbili pitisha selaini, kisha ukaushe kwa vijiti vya karatasi.

Shuka la mpira la kulitenga jino ndilo linalozuia mate yasiingie na dawa na faili visitumbukie kooni. Uliza kwanza kuhusu mzio wa mpira wa lateksi. Funga uzi wa meno kwenye klempu, kibanio kinachoshikilia shuka kwenye jino, kabla haijaingia mdomoni, na mwisho wa uzi ubaki nje, ili klempu ikichomoka au ikivunjika ivutwe. Mgonjwa avae miwani na aproni. Tone moja la hipokloraiti hutoa doa jeupe kwenye nguo.

Urefu ni kazi ya msaidizi kuulinda. Daktari akitaja kipimo, andika mambo manne: jina la mfereji, sehemu ya jino iliyopimiwa, milimita, na faili la mwisho. “Mfereji wa nyuma, milimita 20” bila kutaja sehemu ya kupimia hakusaidii, hasa jino likipunguzwa kati ya ziara. Pete ya faili ikae kwa pembe mraba kabisa na shina lake. Ikiinama, nusu milimita imeshapotea. Rangi za mishikio ya faili, kwa namba ya unene, naomba zikaririwe kwa mpangilio: 15 nyeupe, 20 njano, 25 nyekundu, 30 buluu, 35 kijani, 40 nyeusi, kisha nyeupe inarudi kwenye 45. Kifaa cha umeme cha kupimia urefu kikitoa namba zinazorukaruka, angalia kama faili limegusa klempu au kijazo cha chuma kwenye jino, au kama chemba ya kiini imejaa maji.

Faili huhesabiwa kabla na baada ya kazi. Lililofunguka msokoto au lenye sehemu inayong'aa kuliko nyingine hutupwa kwenye kontena la vyenye ncha kali. La nikeli-titani huweza kukatika bila kuonyesha dalili yoyote, kwa hiyo lina daftari la matumizi. Lisilooshwa vizuri lisiingizwe kwenye otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, kwa kuwa mvuke hauui kilichofunikwa na uchafu.

Mtihani wangu wa mwisho ni trei ya gego la kwanza la chini niliyoitega: faili moja limefunguka, pete moja imeinama, siringi moja haina lebo, klempu haina uzi. Mwanafunzi anayevikamata vyote vinne kabla mgonjwa hajaketi namruhusu kuingia chumbani.