Kibali cha COSTECH hakikufikishi kijijini

Nimepokea tena barua pepe ileile: timu ya watafiti wa Ulaya imepata kibali cha utafiti cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia Tanzania), tiketi zimekatwa, na dodoso litaanza kujazwa vijijini Morogoro siku mbili baada ya kutua Dar es Salaam. Katika miaka yangu ya kuratibu kazi za uwandani sijaona ratiba ya namna hiyo ikisalimika.

Kibali cha ukaazi cha daraja C, idhini ya taasisi ya NIMR kwa tafiti za afya na ya taasisi ya TAWIRI kwa tafiti za wanyamapori nayapita, maana fomu zenyewe zinajieleza. Zanzibar ina utaratibu wake. Masika ni Machi hadi Mei, na gari lenu litakwama.

Kinachonikera ni barua. Kibali cha taifa hukufikisha kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ambaye huandikia wilaya, wilaya ikaandikia kata, na mtendaji wa kata ndiye anayekutambulisha kijijini. Kila ngazi ina masijala yake, muhuri wake na mtu mmoja wa kusaini ambaye huenda yuko kikaoni, na kama Mwenge wa Uhuru unapita wilayani wiki hiyo, msipoteze nauli. Wageni huuita huu urasimu. Nami niliwahi kuuita hivyo, nikairuka kata ili kuokoa siku moja. Mtendaji wa kijiji alikunjua barua yangu, akaigeuza nyuma kutafuta muhuri wa kata, akaikunja upya kwa mikunjo ileile na kunirudishia, kisha akasema, “Karibuni chai.” Tulikunywa chai, tukapoteza siku nne. Wala hakukosea, kwa kuwa mgeni akipatwa na jambo porini, wa kwanza kuulizwa ni yeye.

Lililonishinda mpaka leo ni posho ya wahojiwa. Mkulima aliyeacha palizi saa mbili anastahili fidia, lakini jirani ambaye jina lake halikuangukia kwenye sampuli hututazama kwa jicho jingine, na sijui ni majibu mangapi tuliyopewa ili tu kuturidhisha. Nilijaribu kugawa sukari badala ya fedha. Watu wakalinganisha vifurushi.

Timu hiyo nimeiambia iitenge wiki nzima ya kwanza kwa ajili ya barua. Wamejibu upesi, wakiuliza kama mihuri hiyo inaweza kutumwa kwa barua pepe.