Si Imani Yako Iliyo Ndogo

"Pasta, nimeomba hadi nimechoka. Nadhani imani yangu ni ndogo." Maneno haya nayasikia hapa Kisauni, Mombasa, karibu kila wiki baada ya ibada. Huyasema kijana aliyemaliza chuo na bado anazungusha vyeti kutoka ofisi hadi ofisi pale bandarini, huyasema mama ambaye ndoa imepita miaka bila mtoto, huyasema mzee anayeuguza mkewe. Kila ninapouliza nani kawaambia, jibu ni lilelile: mtumishi fulani, kwenye mkutano au redioni. Mtu kaja na mzigo mmoja, kaondoka na miwili: shida yake bado anayo, na sasa anajilaumu yeye mwenyewe kwa kutokujibiwa. Fundisho hili linaumiza watu, na halina msingi katika Maandiko.

Tumtazame yule baba wa Marko 9, aliyemleta mwanawe mwenye pepo. Hakusema ana imani kubwa. Alilia, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Mtoto akapona siku hiyohiyo. Katika Matendo 12 kanisa zima linamwombea Petro aliye gerezani, Petro anatolewa na malaika na kufika mlangoni, kijakazi Roda anakimbia ndani kuwaambia, nao wanamjibu, "Una wazimu." Waombaji wenyewe hawakuamini kwamba wamejibiwa! Na Petro alikuwa nje, anagonga. Bwana Yesu alipoitaja punje ya haradali alikuwa akiwajibu wanafunzi waliotaka waongezewe imani. Hakuwapa kipimo kipya cha kufikia, bali aliwaonyesha kwamba hata iliyo ndogo mno inatosha, kwa kuwa kazi anaifanya Mungu.

Sasa geuza upande wa pili. Paulo, ambaye kupitia mikono yake wagonjwa wengi waliponywa, aliomba mara tatu aondolewe mwiba wa mwilini, akajibiwa, "Neema yangu yakutosha." Mwenzake Trofimo, Paulo alimwacha Mileto hali ni mgonjwa. Timotheo alishauriwa kuhusu tumbo lake na magonjwa yake ya mara kwa mara. Nani atasimama mimbarani aseme Paulo hakuwa na imani? Na pale Gethsemane, Mwana mwenyewe aliomba kikombe kimwepuke, akarudia maneno yaleyale mara tatu, kikombe hakikuondolewa. Anayefundisha kwamba kila "hapana" hutokana na imani haba ajue anamgusa nani.

Nasi watu wa Mombasa tuna ushahidi karibu. Mwaka 1844 mmisionari Ludwig Krapf alifika hapa na mkewe Rosine. Mwezi Julai mwaka huohuo Rosine alifariki kwa homa muda mfupi baada ya kujifungua, na kichanga chao kikamfuata. Mama huyo alizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali. Krapf hakuuhama mwambao. Aliendelea na kazi ya kuitafsiri Biblia kwa Kiswahili, na mwaka 1846 Johannes Rebmann akaungana naye wakafungua misheni Rabai. Mwanamume aliyemzika mke na mtoto kisha akaendelea kumwomba Mungu yuleyule, huyo hatuwezi kumwita mtu wa imani ndogo. Subira ya namna hiyo ndiyo ninayotamani tuifundishe. Tunaitaja kidogo sana kwa sababu haijazi viti.

Kinachonitia uchungu zaidi ni pale fundisho hili linapofika kwenye dawa. Mama mmoja alikaa mbele yangu na mwanawe mwenye ugonjwa wa seli mundu. Macho ya mtoto yalikuwa ya manjano. Mama akafungua mkoba, akatoa bahasha ya kliniki ikiwa bado imebandikwa vilevile, vidonge ndani, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba alikatazwa kumpa mtoto, maana kumeza dawa ni kukiri kwamba hujaamini. Sikumwombea kwanza. Nilimwomba ampe mtoto dawa na maji, na kesho yake arudi kliniki, kisha tukaomba. Anayetumia dawa za presha, sukari au ARV na kuambiwa aziache ili kuthibitisha imani, asizikubali amri hizo, hata zitoke kwa nani. Luka alikuwa tabibu, na Paulo alimwita mpendwa.

Mafundisho mengine ya namna hii nitayapitia haraka.

Kwamba maombi yenye nguvu ni ya sauti kubwa: Hana alisali midomo ikicheza tu, sauti haikusikika, hata kuhani Eli akadhani amelewa. Akapata Samweli. Manabii wa Baali ndio waliopiga kelele kutwa. Mwenye kuomba kwa sauti na aombe, lakini spika zinazowakosesha majirani usingizi hazimwongezei Mungu masikio.

Kwamba maombi ya mtumishi yana uzito kuliko yako, hasa ukituma sadaka ya "mbegu" kwa M-Pesa kwanza: Yakobo anasema Eliya alikuwa mwanadamu mwenye tabia moja na sisi. Na Simoni mchawi alipotaka kununua karama kwa fedha, Petro alimkemea vikali. Sadaka ni ibada, nami naitoa. Ila anayekutajia kiasi kabla hajakuombea, mwache na simu yake.

Kuhusu kufunga nitakaa kidogo, kwa sababu wengi wanaamini kufunga siku nyingi kunamlazimisha Mungu. Isaya 58 inawajibu watu waliouliza swali hilohilo: mbona tumefunga, nawe huoni? Jibu ni kwamba siku ya kufunga kwao waliwalemea wanaowafanyia kazi. Ndiyo maana mtu akija kwangu na mpango wa mfungo wa siku ishirini na moja, humuuliza kwanza: dada wa nyumbani umemlipa mshahara wake? Mpangaji aliyehama umemrudishia dipoziti yake? Wengine hukasirika. Lakini vizuizi vya maombi ambavyo Maandiko yanavitaja waziwazi ni vya namna hii. Marko 11:25 inasema usimamapo na kusali, samehe. Petro anamwambia mume aishi na mkewe kwa heshima ili maombi yao yasizuiliwe. Katika Mathayo 5 unaambiwa uiache sadaka yako mbele ya madhabahu ukapatane na ndugu yako kwanza. Tunakesha tukikemea roho za ukoo, na kumbe tuna shamba la marehemu baba tumewanyima dada zetu! Ushauri wangu, nao siubadilishi: kabla ya mkesha, piga simu moja ya kuomba radhi, au lipa deni moja unalolijua.

Unyenyekevu nao haupimwi kwa maneno mazuri. Mtoza ushuru alisema sentensi moja tu, "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi," akashuka nyumbani amehesabiwa haki. Ukiwa na hasira na Mungu, mwambie. Zaburi ya 88 inaisha gizani bila neno la faraja, na bado imo katika kitabu cha sala.

Mwisho, hili la saa tisa usiku, kwamba usipoamka kuomba hiyo saa umechelewa mbinguni. Danieli aliomba mara tatu kwa siku, Bwana Yesu aliamka alfajiri na mapema, mtunga zaburi anataja jioni, asubuhi na adhuhuri. Muuza mboga wa Kongowea anayetoka nyumbani kabla ya mapambazuko anahitaji kulala. Aombe ndani ya matatu akielekea sokoni, macho wazi, na akifika apange nyanya zake.